Kidole Gumba cha Renatha

Kikapu cha kahawa kilirudishwa ndani kabla mgeni hajatafuna hata punje moja.

Hiyo ndiyo shida yenyewe. Kwa Wahaya mgeni akifika anapewa kahawa ya kutafuna, punje zilizochemshwa na majani ya harufu nzuri kisha zikakaushwa, na akishazitia mdomoni amepokelewa. Kikapu kikirudi ndani kimejaa, mgeni anajua alipo.

Mgeni alikuwa Byabato, mkulima wa Kishanda, mrefu, shati jeupe lililopigwa pasi mpaka kola inakata. Nyumba ilikuwa ya Ma Georgina, mjane wa Kimwani, na Byabato alikuwa amekwenda kujitambulisha kwa ajili ya binti wa nyumba hiyo, Renatha. Kosa lake lilikuwa mezani, kila mtu akiliona. Simu mbili mpya. Iliyo kubwa alimpa mama mkwe. Iliyo ndogo alimpa msichana anayetaka kumuoa.

"Samahani, baba," alisema shangazi Joanitha, mama mnene mwenye sauti ya kuitia watu ng'ambo ya bonde. "Hebu tusaidie sisi wazee. Umekuja kumuoa nani hapa?"

Mashangazi wengine walicheka. Baba mdogo wa Renatha, mwenye kikao, alitazama dari kana kwamba imeandikwa kitu.

Lakini shida hiyo haikuanzia Kimwani. Ilianzia Bukoba mjini, mwezi wa nane, dukani kwa Laxmidas.

Wakulima walikuwa wamelipwa kahawa na mji umejaa. Duka la Laxmidas liko karibu na soko, moja kati ya maduka machache ya Wahindi yaliyobaki Bukoba, na siku ile watu walikuwa wamebanana mpaka mlangoni. Kwenye meza ya pesa alikaa Parvati, mke wa mwenye duka, ambaye mji mzima unamwita Mama Jay. Alizaliwa Bukoba na Kihaya chake kinawashinda vijana wengi wa siku hizi. Nyuma ya kabati la kioo alisimama msichana mfupi, gauni la kitenge cha kijani, nywele zimesukwa mistari na kufungwa nyuma. Mikono yake ilikuwa midogo kama ya mtoto wa shule, lakini ilikwenda haraka juu ya zile simu.

"Nipe ile kubwa," Byabato alisema, akionyesha kwa kidevu.

"Kubwa ipi, kaka?"

"Kubwa kuliko zote."

"Ya kufanyia nini?"

Byabato alimtazama. Alikuja na pesa, hakujua kama kuna mtihani. "Ya kupigia simu. Kwani nyie mnauza na za kukaangia mayai?"

Watu walicheka. Msichana hakucheka. Alitoa simu tatu akazipanga juu ya kioo.

"Hizi zote ni Zuka. Kampuni moja, toleo moja. Hii Mini, laki mbili na sitini na tano. Hii Plasi, laki nne na themanini. Hii Maksi, laki saba na tisini. Sikiliza vizuri, maana wateja wanatazama ukubwa tu. Plasi na Maksi ndani ni kitu kile kile. Kasi ile ile, kamera ile ile. Ukitoka Plasi kwenda Maksi unaongeza laki tatu na elfu kumi, unapata kioo kipana na betri ya siku mbili. Kwako kuna umeme?"

"Upo. Kishanda si porini."

"Basi betri ya siku mbili ya nini? Macho yako je, yanaona vizuri?"

"Yanakuona wewe vizuri sana."

Mama Jay alikohoa mezani pake. Msichana aliinamisha uso kidogo, akaendelea kana kwamba hakusikia.

"Shika Maksi kwa mkono mmoja. Bila kubadilisha mshiko, kidole gumba kifike kona ya juu, upande wa pili. Kikifika, simu ni yako. Kisipofika, umenunua sinia."

Byabato alishika. Ana mikono ya jembe, lakini gumba lilikwama njiani. Akashika Plasi. Likafika.

"Na wewe?" aliuliza. "Pima tuone."

Alipima Plasi, kidole kikaishia katikati. Akashika Mini, kikafika konani sawasawa. "Mimi Mini tu," alisema. "Ndiyo mikono niliyopewa."

Byabato alilishika neno hilo akaliweka moyoni. Ambacho hakukiona, kwa sababu alikuwa anahesabu pesa, ni kwamba msichana aliporudisha simu kabatini, Mini aliirudisha hivi hivi. Maksi aliifuta kwa kitambaa kwanza, taratibu, pande zote mbili.

"Renatha!" Mama Jay aliita. "Umefukuza laki tatu zangu!"

"Nimekuwekea mteja, Mama Jay. Huyu atarudi."

"Nitarudi," alisema Byabato.

Akarudi kwa ajili ya kava. Akarudi kwa ajili ya kioo cha kukinga mikwaruzo. Akarudi kwa ajili ya chaja, halafu kwa ajili ya kava nyingine ya rangi tofauti. Safari ya tano Mama Jay alivua miwani. "Ta Byabato, simu yako ni moja. Unaivalisha kama harusi. Sema unachotaka, msichana ana kazi."

Akasema. Renatha akakubali kwenda kula naye samaki ufukweni, Jumapili baada ya misa, akiwa amevaa gauni jeupe la maua ya zambarau na viatu alivyovivua mara tu walipofika kwenye mchanga. Tangu siku hiyo wakaanza kupigiana kila jioni.

"Unasikika kama uko ndani ya mtungi," Byabato alimwambia siku moja.

"Ni hii simu. Kioo kimepasuka, nimekifunga na mpira wa kufungia nywele."

"Muuza simu huna simu?"

"Mshahara unaishia kwenye pango na nauli ya kwenda kwa mama, mpenzi. Nashika simu za watu kutwa, jioni narudi kwenye kigae changu."

"Na mama hajambo?"

"Mwili hajambo. Macho ndiyo yanamwacha. Meseji za chama cha kahawa anasomewa na majirani."

"Anaona nini na haoni nini? Herufi za gazeti anaona?"

Byabato aliuliza habari za macho ya mama jioni ile na jioni zilizofuata. Anaona karibu au mbali? Jua linamuumiza? Umeme wa Kimwani unakatika mara ngapi? Mama akishika kitu, mkono unatetemeka? Renatha alijibu yote kwa furaha. Mwanaume anayeuliza habari za mama yako hivyo, utamtilia shaka gani?

Desemba vanila ya Byabato ikalipa. Hakwenda kwa Laxmidas, alitaka kuwashtua watu. Alinunua simu mbili Muleba, akafunga kwa karatasi ya kung'aa, na Januari akamchukua jirani yake Joackim kuwa msemaji wake, wakaondoka kwenda Kimwani na dumu la lubisi, pombe ya ndizi.

Yeye alikuwa amepiga hesabu zake sawasawa, kwa kipimo alichofundishwa dukani. Mama haoni vizuri na umeme kwake unakatika, basi Maksi. Renatha kidole chake kinafika kwenye Mini, basi Mini. Alikaa kwenye kiti akisubiri kusifiwa.

Renatha alitoka chumbani akiwa amevaa kitenge cha buluu na lemba lake, amependeza mpaka Joackim akasahau hotuba. Akatazama meza. Hakuhitaji kuambiwa bei. Shangazi Joanitha ndiye aliyeuliza swali lile, na Byabato, badala ya kunyamaza, akajibu.

"Nilimpima. Kidole chake hakifiki kwenye kubwa."

"Kidole!" shangazi alipiga makofi. "Jamani sikieni! Amempima mtoto wetu kidole, na pete yenyewe hakuleta!"

Kicheko kilitoka mpaka nje, kwa wanaopika. Renatha aligeuka akarudi ndani. Ndipo yule aliyekuwa anakuja na kikapu cha kahawa alipoguswa bega na shangazi, naye akageuka nacho. Baba mdogo alishusha macho kutoka darini. "Mtapata habari zetu," alisema, na kikao kikaisha.

Njiani Joackim alivumilia mpaka walipofika barabara kubwa. "Ndugu yangu, si ungenunua hata Plasi mbili?"

"Mama haoni kwenye Plasi."

"Na Renatha haonekani kwenye Mini."

Jioni Byabato alipiga. Renatha alipokea mara ya kwanza tu.

"Mimi nauza hizo simu, Byabato. Bei zake naziota."

"Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba ukubwa si thamani."

"Nilimfundisha mteja. Wewe bado ni mteja wangu?"

"Kama ulitaka kubwa ungeniambia."

"Ungeniuliza!" alisema, na sauti ikamkatika. "Habari za macho ya mama umeniuliza mpaka nikachoka. Mimi uliniuliza nini?"

Akakata. Kuanzia hapo kila Byabato alipompigia, simu iliita mpaka ikakata yenyewe.

Habari za Kimwani zilikuja kupitia Joackim. Kuna faini. Mbuzi mmoja, vitenge vinne vya mashangazi, na madumu mawili ya lubisi. Akilipa, atasikilizwa upya. Asipolipa, arudishiwe simu zake na kila mtu ashike njia yake.

"Simu ya mama hairudi," Byabato alisema. "Hiyo sikukosea, na sitaomba radhi kwa hiyo. Hayo mengine nitalipa."

Atalipa na nini, hilo lilikuwa swali lingine. Pesa ya vanila ilikwisha mezani kwa Ma Georgina. Kahawa ilikuwa bado mbichi mtini. Alikuja mnunuzi na pikipiki yake, wale wanaozunguka vijijini kununua kahawa kabla haijaiva, kwa bei ya kumkaba mtu. Kagera tunaiita butura. Alisimama kwenye kibanja cha Byabato akihesabu miche kwa macho.

"Nakupa pesa leo, mkononi."

"Baba yangu aliuza butura miaka mitatu, akawa kibarua kwenye kibanja chake mwenyewe," Byabato alimjibu. "Washa pikipiki yako."

Alikuwa anapalilia, mwezi wa pili ukielekea mwisho, simu ilipoita. Namba ngeni. Akafungua, na kioo chote kikajaa kitu cheusi chenye hereni.

"Halo? Halo? Byabato?"

"Ma Georgina, shikamoo. Naliona sikio lako."

"Marahaba. Waitu! Unalionaje nawe uko Kishanda?"

"Umebonyeza ya picha, mama. Iweke mbele ya uso."

Sikio likaondoka, likaja jicho, kisha paji la uso, kisha paa la nyumba. Mwisho akatokea mama mwenyewe, kitambaa kichwani, anacheka mpaka meno ya nyuma.

"Mwanangu, nimepiga mwenyewe. Namba nimeisoma mwenyewe. Jana meseji ya chama imekuja, nimeisoma mwenyewe yote." Akaisogeza simu karibu na uso. "Unajua dada yangu alipofariki Karagwe, habari ililetwa kwa meseji? Nilimpa mtoto wa jirani anisomee, wa darasa la pili. Akasoma kwa vipande. A-me-fa-ri-ki. Anafuata kwa kidole, hajui anachonisomea. Miaka sita sasa, bado namsikia. Kubwa hii umenipa mimi, na anayesema umekosea aje aniambie mimi, si wewe."

Byabato aliacha kupalilia. Alisimamisha jembe, akalishika.

"Na Renatha, mama?"

"Ana hasira. Lakini ile ndogo yako haitoi mkononi. Kwenye mfuko wa gauni inaingia yote, anapiga picha, anapeleka kwa wenzake. Usimwambie nimekwambia."

"Sasa kosa langu ni lipi, kama anaipenda?"

"Kosa lako analijua yeye. Kamuulize." Na mama akaanza kutafuta pa kukatia, akapatafuta muda mrefu, Byabato akiangalia paa la nyumba mpaka likazimika.

Jumamosi, katikati ya Machi, Byabato aliingia dukani kwa Laxmidas mchana, watu wamejaa. Alipanga foleni kama wengine. Zamu yake ilipofika alitoa Plasi yake kwenye kava, ile ya pili, akailaza juu ya kioo.

"Nauza."

Renatha aliitazama simu, si mwenye simu. "Tunachukua zilizotumika kwa Mama Jay."

Mama Jay aliigeuza mara mbili. "Laki mbili na tisini."

"Mama Jay! Nimeinunua hapa kwa laki nne na themanini, miezi saba tu."

"Simu si ng'ombe, Ta Byabato. Ukikaa nayo haizai."

"Haina mkwaruzo hata mmoja."

"Ndiyo maana nimesema na tisini."

Byabato akakubali. Renatha hapo ndipo alipoinua uso. "Unauza ya nini?"

"Nina faini kwa watu fulani wa Kimwani."

"Si una kahawa?"

"Iko mtini. Butura sifanyi, hata kwa ajili yako. Nipe kitochi kimoja, cha bei ya chini."

Alimpa. Kitochi kile, kidogo chenye vitufe na tochi kichwani, kilipotea chote kwenye kiganja cha Byabato. Renatha alijaribu kujizuia. Akauma mdomo. Kisha kikamtoka kicheko, kile ambacho Byabato hakukisikia tangu Januari.

"Pima," alisema Renatha. "Kidole kinafika?"

"Kinafika mpaka kwenye tochi. Renatha, nisikilize. Sikuja kupima leo, nimekuja kuuliza. Kati ya zile tatu, wewe ungependa ipi?"

Wa nyuma kwenye foleni walianza kunung'unika. Renatha hakufikiri hata kidogo.

"Maksi."

"Kidole hakifiki."

"Najua hakifiki! Ningeshika kwa mikono miwili. Ningeidondosha, ningelia, lakini ingekuwa yangu." Sauti yake ilishuka. "Kila siku naifuta, naitia kwenye boksi, namkabidhi mtu, anatoka nayo. Nilitaka siku moja mtu atoke nje na mimi nibaki nayo. Na shangazi aone."

"Hukusema."

"Hukuuliza."

"Ni kweli, sikuuliza," alisema Byabato. "Nilikupima kama mlango, halafu nikakuletea komeo. Hapo nilikosea, nalikubali hapa mbele ya foleni. Mwezi wa nane kahawa ikilipwa, Maksi yako naichukua."

"Sitaki."

"Sasa umesema..."

"Umeuliza, nimejibu, imeisha. Hii Mini siitoi." Akaitoa mfukoni mwa gauni, akaionyesha, akairudisha haraka kana kwamba atanyang'anywa. "Nimeizoea. Kidole kinafika."

"Unanichanganya, mwanamke."

"Zoea."

"Basi nina swali la pili."

"Uliza."

"Utaolewa na mtu wa kitochi?"

Foleni ikanyoosha shingo. Mzee mmoja aliyekuja kununua betri ya redio akasogea mbele asikie vizuri. Renatha alishika meza ya kioo kwa mikono yake yote miwili midogo.

"Mjibu!" Mama Jay alipiga kelele kwa Kihaya. "Ukikataa sema, ukikubali sema, watu wanataka vocha!"

"Lete mbuzi kwanza," Renatha alimwambia Byabato, macho yamejaa machozi na meno yote nje. "Na vitenge usichague mwenyewe. Uniulize."

Akamuuliza. Walivichagua pamoja jioni ile ile, duka la tatu kutoka sokoni, Renatha akikataa kila alichokisifu Byabato.

Kimwani walifika baada ya Pasaka. Mbuzi alipokelewa, vitenge vikafunguliwa, shangazi Joanitha akajifunga chake palepale akazunguka ili kila mtu aone mgongo. Baba mdogo hakutazama dari. Kikapu cha kahawa kilitoka, kikapita mlangoni, kikafika mbele ya Byabato, naye akachukua punje, akazitia mdomoni, akatafuna bila haraka. Ma Georgina aliinua Maksi yake kwa mikono miwili kuwapiga picha, na kwenye picha ile, mpaka leo, wote wamekatwa vichwa isipokuwa Renatha.

Gharama yake ni hii, kwa anayetaka kujua. Maksi ya mama, laki saba na tisini. Mini ya Renatha, laki mbili na sitini na tano. Mbuzi, laki moja na ishirini. Vitenge vinne, elfu sitini. Madumu mawili ya lubisi, elfu arobaini. Plasi aliyoinunua laki nne na themanini akaiuza laki mbili na tisini, kwa hiyo hapo alipoteza laki moja na tisini. Katika hizo laki mbili na tisini, faini ilichukua laki mbili na ishirini, kitochi elfu ishirini na tano, na elfu arobaini na tano ikaishia kwenye nauli yake na Joackim. Haikubaki shilingi. Na miezi miwili bila sauti ya Renatha, ambayo Mama Jay hana bei yake.